Mlango wa Ghorofa ya Nne

Siku seremala aliposimamisha mlango wa nyumba yake mwenyewe, nyumba yenyewe ilikuwa bado haijajengwa. Sakafu ya zege ilikuwepo, nguzo zilikuwepo, na juu ya nguzo palikuwa na mbingu. Kuta ziko njiani, alisema msimamizi wa ujenzi, na alilisema hilo kama mtu anayemsemea mgeni ambaye hata nauli hajapata. Lakini amri kutoka ofisini ilikuwa milango ianze, na amri ni amri. Fremu zikatiwa boliti kwenye zege, zikaegemezwa mbao za mshazari kwa nyuma, na ghorofa ya nne nzima ikawa milango mitupu iliyosimama kwenye upepo.

Seremala hakuuliza mengi. Kazi ile ya milango aliipata kwa kubembeleza, na mtu aliyepewa kazi kwa kubembeleza huogopa maswali. Tena yeye mwenyewe alikuwa mnunuzi. Nyumba ya pembeni, ile ambayo jua la asubuhi lingeingia jikoni, ilikuwa yake, ya mkewe na ya mama yake, kwa malipo ya awamu. Awamu ya msingi walilipa. Awamu ya nguzo walilipa. Awamu ya sakafu waliilipa kwa kiwanja cha mama yake, ambacho mama alikiuza huku anacheka, akisema mtu mzima hawezi kulala juu ya majani.

Sasa, kwenye karakana ya seremala kulikuwa na desturi aliyoirithi kwa fundi aliyemfundisha. Mlango ambao haujalipwa hauachiwi pini zote za bawaba. Bawaba tatu, pini mbili. Ile ya juu inabaki mfukoni kwa fundi mpaka pesa itoke. Mlango unasimama na mpita njia hagundui kitu, ila ukiufungua unalala upande na kukwaruza sakafu, mpaka mwenye nyumba anaitafuta pochi mwenyewe bila kuambiwa. Milango yote ya ghorofa ile seremala aliisimamisha hivyo. Mfuko wa suruali yake ukawa unalia kila alipopiga hatua.

Mlango mmoja tu ulipata pini zote tatu, na mnaujua ni upi. Angeunyimaje? Ule aliuchongea mbao nyekundu aliyoinunua kwa pesa yake, akaupiga msasa mpaka ukawa laini kama shavu la mtoto, akaukaza kwenye fremu hivi kwamba hata wembe usingepita chini yake. Alipomaliza alimwomba msaidizi wa saruji ampige picha. Akasimama kando ya mlango, mkono mmoja kwenye kitasa, meno yote nje. Nyuma yake yalionekana mawingu na tenki la maji la jengo la pili.

Picha hiyo aliituma kwa mkewe, kwa shemeji zake, kwa wateja wa karakana na, kwa sababu ya furaha tu, kwa ofisi ya kampuni.

*

Waliishi kwenye vyumba viwili vya kupanga. Chumba kimoja walilala seremala na mkewe, kingine mama yake seremala, yaani mama mkwe wa nyumba ile, na mabinti wao wawili ambao tayari walikuwa wamegombana mara nyingi juu ya nani atachukua chumba chenye dirisha kubwa kule ghorofani. Mkewe alikuwa msusi. Kibarazani aliweka kiti kimoja cha plastiki kwa ajili ya mteja na kigoda kimoja kwa ajili yake, na hiyo ndiyo iliyokuwa saluni.

Ujumbe ulimkuta mumewe amekaa ukingoni mwa kibaraza anakunywa chai.

"Nisomee," alisema mkewe, vidole vikiwa ndani ya nywele za mteja.

Seremala akasoma kwa sauti, kwa sababu aliamini ni pongezi. "Mteja wetu mpendwa, hongera! Mlango mkuu wa nyumba yako umesimama na umepita ukaguzi. Umeingia hatua ya nne. Tafadhali lipa awamu ya nne kabla ya mwisho wa mwezi huu. Ushahidi umeambatishwa."

"Ushahidi gani?"

Seremala akafungua kiambatisho. Ilikuwa picha yake, meno yote nje.

"Nimetoka vizuri," alisema.

Mkewe aliacha kusuka. Mteja naye akageuza shingo aone. Awamu ya nne haikuwa mchezo. Ilikuwa sawa na kodi ya vyumba vile kwa miaka miwili, na walikuwa wamejipangia kuitafuta taratibu, kuta zikipanda. Kila mtu mwenye akili alijua kuta zinapanda kabla ya mlango. Mkataba wenyewe tu ndio haukujua. Mkataba ulisema mlango ukisimama, lipa. Juu ya kuta ulisema baadaye, kwenye hatua ya tano.

Mama mkwe alitokea chumbani akiwa anajifunga kitambaa kichwani. "Na wale wengine? Wameambiwa walipe?"

"Wengine milango yao haijapita ukaguzi," alisema seremala kwa sauti ya chini. "Inakwaruza."

"Inakwaruza kwa nini?"

Seremala aliingiza mkono mfukoni, akazitikisa zile pini.

Mama yake alimtazama. Alikuwa amezaa watoto watano na huyu ndiye aliyemtegemea, si kwa sababu alikuwa mjanja bali kwa sababu ndiye aliyebaki karibu. "Kwa hiyo katika jengo zima," alisema, "umemkamua kila mtu, ila wewe mwenyewe umejipa mlango mzima."

"Ni mlango wangu, mama."

"Ndiyo. Na wanakudai wewe tu."

Mteja akacheka, kisha akaomba radhi, kisha akacheka tena. Msusi alimvuta nywele zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

*

Ofisi ya mauzo ilikuwa ndiyo sehemu pekee ya mradi iliyokamilika. Ilikuwa na kuta nne, kiyoyozi, na katikati kisanduku cha kioo chenye mfano wa jengo zima, limewashwa taa kila dirisha, na watu wadogo wa plastiki wakitembeza mbwa mdogo wa plastiki. Msusi aliinama akaitafuta nyumba yao. Aliiona. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka, na akajikuta anaitazama kwa wivu, kama nyumba ya mtu mwingine.

Ofisa waliyemjia walimwita Bwana Tabasamu, maana tangu siku ya kwanza hawajawahi kuona midomo yake imefungwa. Wateja waliokuwa mbele yao walipewa maji baridi. Msichana wa maji alipofika kwao, Bwana Tabasamu alimtikisia kichwa kidogo tu, na msichana akapita na sinia lake.

"Maji ni ya wateja wasiodaiwa," alieleza kwa upole. "Utaratibu tu."

Seremala alikohoa. "Bosi, sisi hatukatai kulipa. Lakini mimi ndiye niliyetengeneza milango ya ghorofa ile yote na sijalipwa hata mmoja. Kateni huko. Mkikata, mnanibakizia na chenji."

"Wazo zuri sana," alisema Bwana Tabasamu, na akalifurahia kweli. "Ila mimi ni mauzo. Malipo ya mafundi yako idara ya manunuzi. Dawati lile pale, dirishani. Nendeni mkajieleze."

Dawati la dirishani halikuwa na mtu. Walikwenda wakakaa. Baada ya kitambo Bwana Tabasamu aliinuka, akafunga vifungo vya koti, akavuka chumba, akaketi mbele yao na kuwasha kompyuta.

"Karibuni manunuzi," alisema. "Niwasaidie nini?"

Msusi alimtazama mumewe. Mumewe aliyatazama mazulia.

"Si tumeongea sasa hivi?" alisema msusi.

"Mmeongea na mauzo, dada. Hapa ni idara nyingine. Wafanyakazi wamepungua, lakini idara hazijaungana. Nikitumia hapa mliyoyasema kule, nitakuwa navujisha siri za mteja."

Basi seremala akarudia yote tangu mwanzo, na Bwana Tabasamu akasikiliza kwa mshangao, akiuliza maswali mapya. Mwisho akasema: "Fundi, haki yako ipo. Utalipwa mara tu pesa za milango zitakapoingia."

"Zinaingia kutoka wapi?"

"Kwa wanunuzi waliofikia hatua ya nne."

"Aliyefikia hatua ya nne ni mimi peke yangu!"

"Ndiyo maana tunakutegemea," alisema Bwana Tabasamu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na joto la kibinadamu. "Ukilipa, tutakulipa. Ukishalipwa, utakuwa na uwezo wa kulipa."

"Na nisipolipa?"

"Hilo ni la mauzo." Akainuka, akavuka chumba, akakaa kule. Wakamfuata. "Usipolipa mpaka mwisho wa mwezi, nyumba inarudi kwa kampuni, na kile ulichokwisha kulipa kinabaki kufidia usumbufu."

"Usumbufu wa nani?" aliuliza msusi.

Bwana Tabasamu alilichukulia hilo kama swali la heri. Aliwaonyesha kifungu. Barua ya kuvunja mkataba itakabidhiwa kwa mkono, mlangoni. Tangu mlango mkuu ulipopita ukaguzi, mlango huo ndio anwani rasmi ya mnunuzi, na barua zote za kampuni zitapelekwa hapo.

"Kwa hiyo kisheria," alisema, "mmeshahamia. Hongereni."

Walipokuwa wanatoka, msusi alirudi kwenye kisanduku cha kioo. Msichana wa maji alikuwa anazima taa za vile vijumba kwa kubonyeza kitufe ubavuni. Jikoni kwao pakawa giza, na msusi akaona aibu kwa jinsi moyo ulivyomshtuka.

*

Wiki zilizofuata walihangaika kila mtu kwa njia yake. Seremala aliuza mashine ya kuranda, akabaki na randa ya mkono na maumivu ya bega. Mabinti walisitishiwa nauli, wakawa wanakwenda shule kwa miguu huku wanahesabiana malengelenge. Shemeji aliyeombwa mkopo alisema simu yake inakatika, na kweli ikakatika, na haikuunganika tena.

Msusi yeye aliiga kampuni. Aliona kama watu wanaweza kuuza nyumba ambayo haipo, hata yeye anaweza kuuza nywele ambazo hazijaota. Akawatangazia wateja wake kwamba atakayelipia misuko ya mwaka mzima sasa hivi atapunguziwa. Walijitokeza wawili. Wa tatu alikuwa mwalimu wa shule ya jirani aliyesema hana pesa yote, hivyo alipe nusu. Msusi akamsuka nusu ya kichwa, upande wa kushoto, akamwambia upande wa kulia ni awamu ya pili. Mwalimu alidhani ni utani mpaka alipoona vitana vinafungashwa. Kesho yake alifundisha akiwa amesimama ubavu mmoja siku nzima. Habari zilienea mtaani, na kiti cha plastiki kikakaa kitupu mpaka kikajaa vumbi.

"Nimemfanyia ubaya mwalimu wa watu," alisema msusi jioni moja, analia. "Hata sijui ilikuwaje. Niliona ni hesabu tu."

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Ile barua watailetea wapi?"

"Kule juu. Mlangoni."

"Hapo ndipo kwetu sasa, wamesema wenyewe?"

"Kwenye karatasi, mama."

"Basi," alisema mama mkwe, na akapuliza pumba, "mgeni asitukose nyumbani."

*

Siku ya mwisho ya mwezi walipanda ngazi za zege mapema. Seremala alibeba kiti cha mama yake, msusi alibeba chupa ya chai na mwavuli, mama mkwe alibeba mkoba wake na hasira zake. Mlinzi wa getini aliwaruhusu kwa sababu seremala alikuwa na kitambulisho cha fundi. Walipita katikati ya milango ile mingine iliyolegea mpaka pembeni kabisa. Seremala alitoa ufunguo, akafungua, wakaingia mmoja mmoja, kisha akafunga kwa ufunguo.

Jamani, walikuwa hatua moja tu kutoka pale walipokuwa wamesimama kabla. Upepo ulikuwa uleule na jua lilelile. Lakini mama mkwe alivua viatu.

"Hapa ni sebuleni?" aliuliza.

"Sebuleni, mama. Jikoni ni hapo kwenye ule mfuko wa saruji. Chumba chako ni kile, usiende mbali sana, kinaishia hewani."

Alikwenda akasimama kwenye chumba chake. Akatazama mji uliojaa mabati na antena, akatazama na zege chini ya nyayo zake. Hapo ndipo kiwanja chake kilipoishia, kwenye sakafu hii, na alikuwa hajawahi kuiona. Akarudi kwenye kiti, na msusi akammiminia chai.

Jua lilikuwa limeshakuwa kali waliposikia viatu kwenye ngazi, na sauti ya Bwana Tabasamu ikipanda mbele ya mwili wake.

"Na sasa tunaingia ghorofa ya nne. Angalia kichwa, dada. Huku ni korido, kuta zote zitakuwa za rangi ya krimu. Usipite hapo, hapo ni ukutani. Pita huku. Safi. Unaihisi nafasi?"

"Naihisi," ilisema sauti ya mwanamke, si kwa uhakika.

Seremala alichungulia kwenye tundu la ufunguo, ingawa angeweza kuchungulia kando ya mlango. Bwana Tabasamu alikuwa na bahasha ndefu kwapani. Nyuma yake alikuwa muuguzi, bado amevaa sare yake na saa ndogo kifuani, kofia ya ujenzi imemzidi kichwa. Ameukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili. Ukibeba malipo ya kwanza ya nyumba hutembei kama watu wengine, na seremala aliujua mwendo ule. Hata yeye aliwahi kutembea hivyo.

"Dada, nisubiri hapo kidogo," alisema Bwana Tabasamu. "Nina barua ya mkazi mmoja."

Alifika mlangoni. Akafuta viatu kwenye zege. Akabisha hodi.

Ndani, watu watatu walitazamana.

"Nani?" alisema mama mkwe.

Bwana Tabasamu alirudi nyuma nusu hatua. Hakutegemea mtu. "Ni... kampuni, mama. Nimeleta barua. Naomba mfungue."

"Hatufungui. Pitisha chini."

Wakamsikia akiinama, akisukuma, akihema. Bahasha ilikunjamana na haikupita. Seremala, na hali yote ile, alijisikia fahari moyoni.

"Haipiti, mama."

"Basi zunguka."

Kuzunguka ilikuwa hatua moja kushoto, au moja kulia. Mtoto anayetambaa angeweza. Bwana Tabasamu alitazama kushoto, akatazama kulia, akamtazama muuguzi aliyesimama katikati ya korido ya rangi ya krimu aliyomwelekeza yeye mwenyewe.

"Siwezi," alisema. Sauti ilimshuka. "Kuna ukuta."

"Ehe," alisema mama mkwe. "Sasa umeuona."

Muuguzi alisogea. "Kumbe kuna watu wameshahamia?"

Hapo Bwana Tabasamu alifanya lile ambalo lilimpa cheo chake. Alikunja bahasha, akaitia mfukoni, akaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo. Alinong'ona, lakini seremala alikuwa upande wa pili wa tundu hilohilo.

"Fundi. Huyu dada ana pesa taslimu leo. Mwambieni nyumba ni nzuri, basi. Neno moja tu. Barua hii haikuandikwa, awamu ya nne inangoja mpaka kuta. Nakuapia. Neno moja."

Kisha akasimama wima na kusema kwa sauti ya ukumbini: "Muulize mwenyewe, dada! Familia nzuri sana hii. Mteja wetu wa kwanza."

Muuguzi alikaribia mlango. Aliupapasa kwa kiganja, jinsi mtu anavyopapasa kitu ambacho anakitaka na anaogopa bei yake. "Mama," alisema, "samahani kuwasumbua. Mimi nakusanya hii pesa tangu nilipoanza zamu za usiku. Niambie kama mwanao. Nyumba ni nzuri?"

Msusi alimshika mumewe mkono. Nyumba yao ilikuwa pale, kwenye neno moja. Walikuwa wanaihitaji kuliko walivyowahi kuhitaji kitu, na sijui nani katika sisi angewalaumu. Mama mkwe akatazama chumba chake kinachoishia hewani. Aliona kiwanja chake kinarudi. Aliona mabinti dirishani.

"Nzuri, mwanangu," alisema. Sauti haikuwa yake. "Nzuri sana. Ina... ina hewa."

Nje, zipu ya mkoba ilianza kufunguka. Wote waliisikia.

Msusi akauachia mkono wa mumewe. Alikuwa anakumbuka kichwa cha mwalimu, upande wa kulia. "Baba," alimnong'oneza, "usimwache hivyo."

Seremala alitoa bisibisi kiunoni. Akaielekeza chini ya pini ya chini, akaigonga kwa kiganja mpaka pini ikachomoka, akaitia mfukoni. Akachomoa ya katikati. Akachomoa ya juu, ile ambayo tangu mwanzo haikupaswa kuwepo pale. Kisha akaukumbatia mlango wake kwa mikono yote miwili, akauvuta ndani taratibu mpaka ulimi wa kitasa ukaachia, akasimama nao kifuani.

Muuguzi akawaona: mama mzee kitini bila viatu, mwanamke na chupa ya chai, mwanamume amebeba mlango, na nyuma yao mji wote.

"Karibu ndani, dada," alisema seremala, anahema.

Muuguzi aliingia, Bwana Tabasamu nyuma yake. Alipita kwenye fremu kwa adabu, ingawa kando palikuwa wazi. Akatembea mpaka kwenye ule mfuko wa saruji, akatembea mpaka mwisho wa chumba cha mama mkwe, akatazama chini. Akafunga zipu ya mkoba, akavua kofia ya ujenzi, akamkabidhi Bwana Tabasamu, na wakasikia viatu vyake vikishuka ngazi haraka haraka.

Midomo ya Bwana Tabasamu ilikuwa imefungwa. Ilimfanya aonekane mtu mwingine, mchovu na mdogo kwa umri. Alitoa ile bahasha.

"Pokea, fundi."

"Mikono imejaa."

"Basi mke wako apokee."

"Karatasi ilisema mlangoni," alisema msusi. "Mlango uko wapi?"

Bwana Tabasamu aliitazama fremu tupu. "Urudisheni."

"Nilipwe kwanza," alisema seremala.

"Si nimekwambia utalipwa ukishalipa?"

"Basi na mlango utarudi nikishalipwa."

Walitazamana hapo, wanaume wawili wenye madeni, maana hata Bwana Tabasamu, ingawa hawakujua, hakuwa amelipwa mshahara tangu hatua ya pili. Mwisho alirudisha bahasha kwapani. Kabla ya kuondoka alitaka kuzunguka kupitia kushoto, akasita, akapita kwenye fremu.

*

Mlango uliteremshwa ngazi zote kwa mabega, seremala mbele na msusi nyuma, mama mkwe akifuata na pini ndani ya mkoba. Getini mlinzi alitaka kibali cha kutoa mali. Seremala alimwambia anahama. Mlinzi aliutazama mlango, akawatazama, akasema hajawahi kuona watu wanahama na vitu vichache namna hiyo, na akawafungulia.

Nyumbani haukuwa na pa kukaa. Ulikuwa mrefu kuliko kuta za chumba na mpana kuliko mlango wa kuingilia. Waliuingiza kwa kuulaza ubavu na kumwamsha mpangaji wa jirani. Mwisho waliulaza juu ya ndoo nne katikati ya chumba cha mabinti, na jioni ile, kwa kuwa hapakubaki nafasi ya kitu kingine, wakala juu yake. Kitasa kilikuwa upande wa mama mkwe. Aliweka bakuli lake kando yake kwa uangalifu.

Simu ililia. Seremala akasoma kimoyomoyo, kisha kwa sauti.

"Mteja wetu mpendwa, tunakujulisha kwamba nyumba yako imerudi hatua ya tatu. Deni la awamu ya nne limesimamishwa hadi mlango utakaposimama tena. Asante kwa kuwa nasi."

Mabinti waliuliza kama hiyo ni habari njema. Hata wakubwa walikuwa wanajiuliza hivyohivyo. Nyumba hawakuipoteza na hawakuipata. Mwalimu alikuwa ameitwa na msusi, angekuja kesho asubuhi kumaliziwa upande wa kulia, bure. Hilo tu ndilo lililokuwa na uhakika.

Mama mkwe alikuwa ameacha kula. Alipitisha kiganja juu ya mbao, polepole, kutoka kitasani mpaka kwenye bawaba. Ulikuwa mlango mzuri. Ndio uliobaki mkononi katika kiwanja chake chote, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta.

Akakunja kidole, akagonga mbao mara mbili.

"Hodi," alisema.

Mkwewe alisogeza sahani yake pembeni kumpa nafasi.

"Karibu, mama," alisema. "Umefika."